Muuaji Ananiita Dada, Mchapishaji Anataka Nimwite Saikopathi

Mama Mhariri, shikamoo.

Naishi Morogoro. Nilisoma saikolojia chuo kikuu, kisha nikajiunga na kikundi cha kanisa kinachokwenda gerezani kutoa ushauri nasaha kwa wafungwa. Huko ndiko nilikoanzia kuandika. Makala zangu kuhusu kwa nini watu huua, hasa ndani ya nyumba zao wenyewe, zilitoka gazetini na watu wakazisoma kuliko nilivyotarajia. Sasa nataka hii iwe kazi yangu: kuandika vitabu vya mambo ya kweli kuhusu akili ya mhalifu, kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza vipo tele. Kwa lugha yetu naona msomaji ameachiwa riwaya za upelelezi na magazeti ya udaku.

Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu. Alisema makala ni nzuri, lakini watu hawanunui nadharia. Nimletee kitabu cha muuaji mmoja, mwenye jina na sura. Ninaye. Nitamwita K. Alimuua mkewe. Mahakama Kuu ilimhukumu kunyongwa, rufaa ikagonga mwamba, baadaye adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Nilimfahamu kwenye ushauri nasaha. Tangu nilipomwambia kwamba mimi ni mwandishi, ananiandikia barua: karatasi za daftari, kalamu ya bluu, mwandiko uliolalia kulia, kila ukurasa na muhuri wa gereza. Anaandika vizuri kweli. Anasimulia utoto wake, baba aliyekuwa akimfunga kwenye mwembe, kazi ya utingo, wivu. Akifika kwenye usiku wenyewe anaandika "yale yaliyotokea" na kuendelea mbele. Sijaona jina la mkewe kwenye barua hata moja.

Katika barua ya mwisho ameniandikia hivi: "Dada yangu, wewe peke yako ndiye unayenielewa. Kitabu kitasema kwamba sikukusudia, sivyo?" Halafu anaomba mama yake apatiwe chochote, kwa kuwa ndiye anayelea watoto wake wawili. Sijamjibu. Nikimwambia sijui kitabu kitasema nini, naogopa barua zitakoma, na bila barua sina kitabu.

Mchapishaji naye anataka neno "saikopathi", yaani mtu asiye na huruma wala majuto, liwe kwenye jalada la kitabu, pamoja na picha ya K ya siku ya hukumu. Na kuna jingine linaloninyima usingizi. Mdogo wa kike wa marehemu anauza vitenge sokoni, hapa hapa mjini. Tunasalimiana. Hajui lolote.

Mume wangu anasema siku hizi mezani kwetu hakuna mazungumzo ila maiti. Nimjibu nini K? Na je, hii ni kazi ya mtu kuijengea maisha, au ninajidanganya?

Mwandishi, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali la K, kwa sababu mengine yote yamening'inia hapo. Usimjibu ndiyo. Na usiendelee kunyamaza, maana mfungwa akiuliza "sivyo?" asijibiwe, kimya chako kwake ni ndiyo. Kuanzia hapo kila barua anayokuandikia ataihesabu kuwa malipo ya ahadi uliyompa.

Tazama anachokuomba hasa. Katika Kanuni ya Adhabu yetu, nia ndiyo inayotenganisha makosa mawili. Kuua kwa kukusudia, kwa mtu kama K, adhabu yake ni kunyongwa na jaji hana nyingine ya kuchagua. Kuua bila kukusudia, adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kushuka hadi miaka michache. Mahakama Kuu iliwasikiliza mashahidi ikasema alikusudia. Rufaa ilipokwenda juu, ikakataliwa. K anataka kitabu chako kiwe rufaa ambayo sheria haimpi tena. Huenda ana haki, kwa kuwa mahakama hukosea. Lakini wewe bado hujui, naye anakutaka uahidi kabla hujajua.

Kuna mwandishi wa Marekani aliyeipita njia hii mpaka mwisho wake. Mwaka 1979 Jeffrey MacDonald, aliyekuwa daktari wa jeshi, alikuwa akikabiliwa na kesi ya kumuua mkewe mjamzito na binti zao wawili wadogo huko Fort Bragg, North Carolina, mwaka 1970. Alikubaliana na mwandishi Joe McGinniss aandike kitabu juu ya kesi hiyo. McGinniss akaishi pamoja na mawakili wa utetezi, akala nao, akasikia siri zao. MacDonald akawekewa fungu lake katika mapato. MacDonald akatiwa hatiani. Kwa miaka iliyofuata McGinniss aliendelea kumwandikia gerezani barua za kirafiki, za kumpa pole, kana kwamba hukumu ile ilimuumiza yeye pia, huku kwenye mswada anamwandika kuwa ni muuaji. Kitabu kilitoka mwaka 1983. Mpaka kinakaribia kutoka, MacDonald alikuwa akiamini kwamba kinamtetea.

MacDonald alimshitaki. Shauri lilisikilizwa mwaka 1987 mbele ya baraza la wananchi sita walioteuliwa kuamua kesi, na watano kati yao wakaelemea upande wake, upande wa mtu aliyehukumiwa kwa kuwaua watoto wake mwenyewe! Kwa kuwa hawakukubaliana wote sita, shauri halikupata uamuzi, na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama kwa dola 325,000. Kilichomponza McGinniss si kuamini kwamba MacDonald aliua. Mahakama ilikwishasema hivyo. Zile barua ndizo zilizomponza. Zilisomwa mbele ya watu, moja baada ya nyingine. Nataka ufikirie barua zako kwa K zikisomwa hivyo, watoto wake wakiwa wamekaa kwenye benchi la nyuma.

Njia nyingine ipo, na iliwahi kupitwa na mtu aliyekuwa na kazi ngumu kuliko yako. Mwaka 1971 mwandishi Gitta Sereny aliingia gerezani Düsseldorf, Ujerumani, kuzungumza na Franz Stangl, aliyekuwa mkuu wa Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili. Asubuhi ya kwanza Stangl alimpa majibu yale yale ya mahakamani: alipewa amri, hakuwa na namna. Sereny akamwambia waziwazi kwamba hayo hakuyafuata. Alitaka amsimulie maisha yake tangu utotoni. Yeye Sereny ataandika kile hasa Stangl atakachosema, na atajitahidi kuelewa. Hakumwahidi zaidi ya hapo, na Stangl akakubali. Walizungumza kwa takriban saa 70. Siku ya mwisho, kwa kusitasita sana, Stangl akakaribia kukiri hatia yake. Kesho yake akafariki kwa ugonjwa wa moyo.

Kwa hiyo hofu yako kwamba ukweli utazikata barua za K naielewa, lakini siioni kuwa na msingi mkubwa. Mtu aliyefungwa maisha ana shida ya kusikilizwa. Wengi watakubali kuzungumza na mtu asiyewaahidi kitu, mradi amewaambia mapema.

Jambo jingine limenishangaza. Barua yako yote haisemi popote kama umeisoma hukumu yake. Unayo ya K kwa mwandiko wake, ya wale waliomsikiliza huna. Hukumu za Mahakama ya Rufani, na nyingi za Mahakama Kuu, zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Itafute usiku huu. Kisha nenda masjala ya mahakama uombe kwa maandishi mwenendo mzima wa kesi. Humo utakuta maelezo ya onyo, yaani aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, ungamo mbele ya mlinzi wa amani, yaani mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kupokea maungamo, kama alitoa, ripoti ya uchunguzi wa maiti, ramani ya eneo la tukio, na maneno ya majirani waliofika kwanza. Soma kwa hadhari, maana maelezo ya polisi nayo hubishaniwa: mshitakiwa akisema alipigwa ndipo akatia saini, mahakama husimamisha kesi kubwa na kulichunguza hilo kwanza. Angalia kama ilitokea hivyo kwa K.

Halafu weka barua zake kushoto na jalada la kesi kulia, usome usiku ule ule mara mbili. Ulipoandika kwamba hajawahi kutaja jina la mkewe, nilirudia sentensi hiyo. Angalia anachokisimulia kwa mkono wake, na anapoanza kusema kwamba mambo "yalitokea" yenyewe. Baba na mwembe anavisimulia kwa kinaganaga. Kisu, au panga, au chochote kilichotumika, hakionekani. Je, alilitaja jina la mkewe siku ile polisi? Alianza kulificha lini? Hapo ndipo pana saikolojia ya K, na ni kazi ambayo shahada yako imekuandaa kuifanya bila kumbandika mtu yeyote jina la ugonjwa.

Ndipo nafika kwa mchapishaji wako. Neno "saikopathi" sitakuruhusu, na nasema hivi nikiwa nimekaa upande wa wachapishaji muda mrefu. Robert Hare, mwanasaikolojia wa Canada, ndiye aliyetengeneza kipimo kinachotumiwa zaidi. Kina vipengele 20, kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, jumla 40, na kule Amerika Kaskazini kawaida ni kuanzia 30 ndipo mtu huitwa hivyo. Anayepima lazima awe amefunzwa, amhoji mtu kwa kirefu, na alisome jalada la maisha yake ili asidanganywe na maneno matamu. Wewe hukumpima, mchapishaji ndiyo kabisa. Mwanamume aliyemuua mkewe kwa wivu anaweza kuwa mtu wa aina nyingi sana, na kumuua mke peke yake hakumfanyi kuwa saikopathi. Hata McGinniss alilikwaa hili: alikwenda kwenye vitabu vya saikolojia akachota maelezo ya watu wanaojitukuza, akaongeza nadharia ya hasira iliyochochewa na vidonge vya kupunguza uzito, akamvisha MacDonald. Mpaka leo hiyo ndiyo sehemu ya kitabu chake inayotiliwa shaka zaidi. Kama mahakama ilimpeleka K kuchunguzwa akili pale Isanga, Dodoma, ripoti ya daktari itakuwa imetajwa kwenye jalada la kesi. Andika alichosema daktari, na uishie hapo alipoishia.

Na yale aliyokuambia kwenye ushauri nasaha, kabla hajajua kwamba unaandika, hayo si yako. Hata kama ndiyo matamu kuliko yote. Alikuwa akizungumza na mshauri. Yafunge kwenye bahasha, uyaweke mbali na meza unayoandikia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu, ya akili ikiwemo, zina ulinzi mkali zaidi humo. Ila hata sheria hiyo isingekuwepo ningekuambia hivi hivi, kwa sababu wafungwa wengine wanakutazama. Siku watakapojua kwamba machozi ya chumba cha ushauri huishia dukani, hakuna atakayefungua kinywa tena kwako wala kwa atakayekuja baada yako.

Sasa yule dada wa sokoni. Kwake uende kabla hujamwandikia K chochote kipya, na hili nakusihi. Usimwendee mbele ya wateja. Pita asubuhi soko halijachangamka, mwambie wewe ni nani, mwombe siku ya kuonana mahali atakapochagua yeye, na ukienda usiende na daftari. Mwambie kwamba K anakuandikia, kwamba unafikiria kitabu, kwamba hujaanza. Anaweza kukufukuza. Anaweza kulia, au kukutukana matusi ambayo hukuyatarajia kwa mtu mnayesalimiana kila siku, nyamaza umsikilize. Akikataa kabisa kuhusishwa, jina lake na duka lake visiingie kitabuni, na umweleze hivyo ili alale usingizi. Akikubali, umuulize juu ya dada yake: alipenda nini, alicheka na nani, alitaka kufanya nini na maisha yake. Hukumu haitakuambia hayo. K hataki hata kumtaja.

Watoto wa K ndio wanaonitia hofu kuliko wote. Huyo huyo Sereny niliyekusifia aliandika mwaka 1998 kitabu juu ya Mary Bell, ambaye mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 11, alipatikana na hatia ya kuwaua watoto wawili wa kiume kule Newcastle, Uingereza. Mary alikuwa mtu mzima wakati huo, anaishi kwa jina jingine, ana binti wa miaka 14 asiyejua lolote la mama yake. Iliposikika kwamba Sereny amemgawia sehemu ya malipo yake, Uingereza ilichafuka mpaka bungeni, waandishi wa habari wakaisaka nyumba, na binti yule akajua mama yake ni nani usiku ambao polisi waliwatoa nje wakiwa wamefunikwa mashuka. Sereny alikuwa mwandishi makini, kitabu chenyewe kilikuwa cha huruma, na bado hilo lilitokea. Watoto wa K wana majina, wana shule, wana wenzao wa darasani. Picha kwenye jalada itafika darasani kabla ya kitabu. Mkatalie mchapishaji, na kama hataki kuelewa, tafuta mwingine.

Ndiyo maana na fedha nakuambia usimpe K, wala mama yake kwa niaba yake. Ukilipa, msomaji atajiuliza kila ukurasa kama alisema kweli au alisema cha kuuza. Ikiwa moyo unakusukuma kuwasaidia watoto, fanya hivyo baada ya kitabu kutoka, kupitia mzee wa familia ambaye upande wa marehemu nao wanamkubali, na uandike ndani ya kitabu kwamba umefanya. Jambo dogo la kisheria ambalo waandishi wengi hawalijui: barua alizokuandikia, karatasi ni zako, maneno ni yake. Hakimiliki hubaki kwa aliyeandika. Ukitaka kuzinukuu kwa urefu, pata idhini yake kwa maandishi, mbele ya shahidi.

Unauliza kama hii ni kazi ya kujengea maisha. Mtazame mwandishi Ann Rule wa Seattle, Marekani, aliyeishi miaka 1931 hadi 2015. Alipata kuwa polisi kwa muda mfupi, akawa analea watoto kwa kuandika kesi za kweli kwenye majarida, tena kwa jina la kiume, Andy Stack, kwa kuwa wahariri hawakudhani wasomaji wangemwamini mwanamke kwenye mambo hayo. Mwaka 1971 alijitolea kupokea simu za watu walio katika dhiki, na kijana aliyekaa naye zamu za usiku alikuwa Ted Bundy. Baadaye akapata mkataba wa kitabu juu ya mauaji ya wasichana ambayo muuaji wake hakujulikana, na muuaji akaja kuwa yule yule rafiki yake wa zamu. Kitabu kilitoka mwaka 1980. Watu hukumbuka bahati hiyo ya ajabu wakasahau miaka mingi ya kukaa mahakamani na kuandika kesi ndogo ndogo, ambayo ndiyo iliyomfanya aaminike kupewa mkataba.

Hapa kwetu wachapishaji hula kwa vitabu vya shule, na kitabu cha aina yako hakitakulipia kodi ya nyumba kwa miaka ya mwanzo. Usiache kazi. Endelea na makala, fanya redio wakikuita, kaa kwenye vikao vya Mahakama Kuu hapo Morogoro, andika kesi nyingi ambazo hazina K ndani yake. Mwandishi wa muuaji mmoja huishia kuwa msemaji wake. Mwenye kesi arobaini kichwani atajua haraka kama K ni wa kawaida au wa ajabu, na hapo ndipo utakuwa na la kumwambia msomaji.

Mumeo amekupa taarifa muhimu, usimwone mlalamishi. Maneno ya mauaji huingia mwilini mwa anayeyasoma. Tafuta mshauri wako mwenyewe, mtu wa taaluma yako, umwone kwa utaratibu unaojulikana. Wewe na mumeo wekeni saa za kufunga jalada la kesi. Na picha za uchunguzi wa maiti usizitazame usiku wala usizihifadhi kwenye simu mnayotumia wote.

Sasa barua ya K. Ukishaonana na yule dada, mwandikie hivi, kwa maneno yako ukipenda:

"Kaka K, salaam. Umeniuliza kama kitabu kitasema kwamba hukukusudia. Siwezi kukuahidi hivyo. Nitaisoma hukumu na mwenendo wa kesi, nitawasikiliza ndugu wa marehemu wakikubali, na nitaandika ninachokiona. Huenda nikaandika usilolipenda. Maneno yako nitayanukuu kama ulivyoyaandika, sitayapinda. Uliyoniambia kwenye ushauri nasaha sitayatumia. Sitatoa fedha kwako wala kwa mama. Ukiona huwezi kuendelea kwa masharti haya, niambie, sitakasirika, na barua zako nitakurudishia. Ukiendelea, naomba barua ijayo uniandikie juu ya mke wako, kwa jina lake."

Ipitishe kwa mkuu wa gereza kama zile nyingine, na ubaki na nakala. Kabla ya mahojiano rasmi omba kibali cha Kamishna Jenerali wa Magereza, ukijitambulisha kama mwandishi, si kama mtu wa kikundi cha kanisa, na viongozi wa kikundi chako uwaambie mapema ili mlango wa wenzako usifungwe kwa ajili yako. K akikataa, hukumu bado unayo, masjala iko wazi, na vikao vya Mahakama Kuu vinaendelea. Mchapishaji atanung'unika. Nitumie sura ya kwanza ikiwa tayari, iwe na K au isiwe naye.

Mama Mhariri